Kisomo cha Mzazi na Mtoto: Tuliyoyaona Upare

Msafiri atokaye Moshi kwenda Same hupita katika tambarare ya Kileo kabla hajafika mji wa Mwanga. Kushoto kwake imesimama milima ya Upare ya Kaskazini, yenye migomba na mawingu. Kulia kwake nchi imelala, kavu kwa miezi mingi ya mwaka, kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Watu wa tambarare hii wametoka pande mbalimbali. Wako Wapare na Wagweno walioshuka kutoka milimani, wako Wachaga na Wakahe, na wengineo. Mtoto wa hapa aweza kuzisikia lugha mbili au tatu uani kwao kabla hajaanza shule, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote.

Hapo ndipo nilipolelewa na bibi yangu mzaa baba. Sikupata kuyafikiria sana malezi hayo mpaka nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya udaktari. Siku moja katika semina profesa aliwauliza wanafunzi mmoja mmoja swali jepesi: ulipokuwa mtoto, ni nani aliyekuwa akikusomea vitabu? Wenzangu walitaja mama, baba, dada mkubwa. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba hakuna aliyenisomea. Profesa aliandika neno katika karatasi yake, nami nikaona haya, kana kwamba nimekiri upungufu wa nyumbani kwetu. Usiku ule nilikumbuka kwamba jibu langu lilikuwa nusu tu. Hakuna aliyenisomea mimi, lakini mimi nilikuwa nikimsomea mtu.

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la pili. Bibi alikuwa na cheti cha kisomo, alichokipata kwa mtihani wa taifa wa Agosti 1975 katika ngazi ya III, naye alikihifadhi ndani ya sanduku la nguo pamoja na hati ya ubatizo. Lakini ikifika barua aliniita mimi. Barua nyingi zilitoka kwa baba yangu mdogo aliyekuwa kibarua katika shamba la mkonge upande wa Tanga. Nakumbuka barua moja hasa. Niliisoma kwa sauti ya shule, bila kukwama hata mara moja, nikafika mahali alipoandika kwamba mwaka huu amekunja jamvi. Nikaendelea. Bibi akasema, "Ngoja, mume wangu. Rudia hapo." Nikarudia. Akanyamaza, akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea mahindi. Mimi nilimwona baba mdogo akikunja mkeka. Yeye alikuwa ameelewa kwamba mwanawe ameachishwa kazi na kwamba fedha ya karo na ya dawa haitakuja tena. Kisha akanyoosha kidole, akaniuliza: "Jamvi limeandikwa wapi?" Nikamwonyesha. Akalitazama neno hilo kwa muda mrefu, akiiweka karatasi mbali na uso wake, akalitamka silabi kwa silabi.

Ndugu msomaji, katika kisa hicho kidogo yamo karibu mambo yote ninayotaka kuyaeleza katika makala haya.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili, Gough na Tunmer, walipendekeza maelezo ya kusoma yaliyo mepesi kama kanuni ya hisabati. Walisema kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa maneno yanayotamkika, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Tuzingatie kwamba walisema zao, hawakusema jumla. Kama kimojawapo ni sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mtoto wa darasa la pili mwenye uwezo wa 0.9 katika herufi na 0.2 katika kuielewa lugha ya watu wazima atapata 0.18. Bibi mwenye 0.3 katika herufi na 0.9 katika lugha atapata 0.27. Kila mmoja akiwa peke yake ni msomaji dhaifu. Wakiketi pamoja juu ya barua moja, mtoto akatoa herufi na bibi akatoa maana, wanapata 0.81.

Mwanafunzi mwangalifu atapinga: hilo ni kusaidiana, wala si kujifunza. Pingamizi hilo ni la haki. Kama bibi angesikiliza tu, angebaki na 0.3 yake mpaka kufa kwake. Kujifunza kulianza pale aliponyoosha kidole na kuuliza neno limeandikwa wapi. Na kwa upande wangu, pale alipoona uso wangu umebaki mtupu, akanieleza kwamba jamvi hukunjwa mazungumzo yanapokwisha. Mipango ya kisomo cha familia, ambayo katika nchi mbalimbali huwakusanya wazazi na watoto wadogo kujifunza pamoja, haina siri nyingine kubwa kuliko hiyo. Ni kuupanga kwa makusudi uulizano ambao sisi tuliuangukia kwa bahati.

Jina lenyewe, kisomo cha familia, lilienea baada ya mtafiti Denny Taylor kulitumia kama jina la kitabu chake cha mwaka 1983. Lakini swali la nani atangulie kufundishwa, mzazi au mtoto, lilikwisha kujadiliwa kwetu kabla ya hapo, tena katika ngazi ya juu kabisa. Mwaka 1964, alipouwasilisha Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu wazima lazima waelimishwe kwanza, kwa kuwa elimu ya watoto haitaonyesha matunda yake katika uchumi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, nchi ikiwa changa na walimu wakiwa wachache. Lakini ilimweka mzazi upande mmoja na mtoto upande wa pili, kama watu wawili wanaogombea sahani moja.

Upare haukuwa mgeni wa mambo haya. Wamisionari wa Kilutheri walifika Shigatini, Usangi, mwaka 1900, na Waadventista walianza kazi Upare ya Kusini mwaka 1903. Katika zama zile mtu aliyekuwa akielekea kubatizwa aliitwa msomaji, na kusoma kulikuwa jambo la nyumba nzima. Mmisionari Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, na baadaye Agano Jipya katika lugha hiyo. Kisha, baada ya Wapare kuipinga kodi ya mbiru katika miaka ya 1940, upinzani ambao wanawake wa Usangi walishiriki kwa maandamano yao wenyewe, serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kufuta ujinga na kuendeleza vijiji katika Upare ya Kaskazini. Mpango huo ulifuatiwa na gazeti dogo la wilaya, Habari za Upare, ili waliojua kusoma wawe na cha kusoma. Jambo hili la mwisho tulishike, maana tutalirudia.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ilipofika mwisho wa mwaka huo, wilaya sita ziliteuliwa kufuta ujinga ifikapo mwisho wa mwaka 1971: Mafia, Ukerewe, Masasi, Tanga, Kilimanjaro na Pare. (Wilaya ya Mwanga, ambamo Kileo imo, ilimegwa kutoka Pare mwaka 1979, kwa hiyo anayezisoma takwimu za zamani aitafute Kileo chini ya jina la Pare.) Baadaye kampeni ikawa ya taifa zima, lengo likiwa mwaka 1975. Walimu walikuwa wa shule za msingi, wakisaidiwa na walimu wa kujitolea waliopewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, na wengi wa hao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Mpaka mwaka 1975 watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imekuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwaka 1975 wasiojua walihesabiwa kuwa asilimia 39, na mwaka 1986 kama asilimia 10. Ni mataifa machache duniani yaliyofanya hivyo kwa kipindi kifupi namna hiyo.

Hata hivyo yafaa tuliangalie darasa lenyewe. Mahali pengi chumba kilikuwa kimoja, ubao mmoja na madawati yale yale. Asubuhi alikalia mtoto, alasiri akakalia mama yake, magoti yakigonga ubao wa dawati lililotengenezwa kwa mtu wa miaka minane. Asubuhi mtoto alisoma kitabu cha shule. Alasiri mama alisoma kitabu cha kisomo chenye manufaa, kilichohusu kilimo, ufugaji, uvuvi au mapishi, kulingana na mahali. Mwalimu alikuwa huyo huyo, amekwisha kuchoka. Mama na mtoto walipokezana dawati moja kwa miaka kadhaa na hawakukutana darasani hata siku moja. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kutaka watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1977, walimu hao hao walizidiwa na wingi wa watoto. Madarasa ya ngumbaru, kama watu walivyoyaita kwa utani usio na heshima, yalianza kupungukiwa mafuta ya taa, chaki na walimu. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ikafanya mengine.

Sensa ya mwaka 2002 ilikuta watu wazima wasiojua kusoma wamekuwa takriban watatu katika kila kumi. Mwanafunzi wa sayansi asikimbilie kusema kwamba watu milioni kadhaa walisahau. Vipimo vilikuwa tofauti: mwaka 1975 watu walifanya mtihani wenye ngazi nne, na waliofaulu ngazi ya III na ya IV ndio waliohesabiwa kuwa wanajua, katika sensa karani huuliza tu na kuandika jibu. Tena katikati kilikuja kizazi ambacho sehemu yake haikumaliza shule. Lakini sehemu ya anguko hilo ni ya kweli, na bibi yangu alikuwa mmoja wao. Gazeti la wilaya lilikuwa limekwisha kufa zamani, na mbali na Biblia na barua hapakuwa na maandishi mengine ya kila siku nyumbani. Ujuzi usiotumika hufifia.

Sasa tuingie katika sayansi ya jambo lenyewe, maana wapo wanaoamini kwamba ubongo wa mtu mzima umekwisha kukauka, na kwamba kumketisha mama pamoja na mwanawe wa darasa la awali ni kumdhalilisha bure.

Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya katika sehemu ya mashambani ya Ureno. Walichukua watu wazima 30 wasiojua kusoma na wengine 30 wa mazingira yale yale waliojifunza kusoma wakiwa tayari watu wazima. Wakawapa kazi moja: ongeza au ondoa sauti moja mwanzoni mwa neno. Neno likiwa la kubuni, lisilo na maana, wasiojua kusoma walifaulu takriban mara moja katika kila majaribio matano. Wale waliojifunza ukubwani walifaulu zaidi ya mara saba katika kila kumi. Maana yake ni kubwa. Kutambua kwamba neno limejengwa kwa sauti ndogo ndogo, mfano k na a na l, si jambo linalokuja lenyewe kadiri mtu anavyokua. Mtu aweza kuishi miaka 60, akawa mzungumzaji hodari na mtega vitendawili, asilitambue. Huletwa na kujifunza alfabeti, na huja hata kwa aliyechelewa.

Mwalimu wa kidato cha kwanza aweza kulifanya jaribio hili pamoja na wanafunzi wake kwa siku mbili tatu, bila chombo chochote. Mwanafunzi amwendee ndugu mdogo ambaye hajaanza shule, kisha mtu mzima asiyejua kusoma kama yupo na kama amekubali kwa hiari, kisha mtu mzima anayejua. Awaambie: sema kalamu. Sasa sema kalamu bila ka. Wengi watasema lamu, maana silabi za Kiswahili ziko wazi na sikio huzishika kwa urahisi. Kisha awaambie: sema kalamu bila sauti ya k peke yake. Hapo ndipo tofauti huonekana; jibu ni alamu, nalo humtatanisha asiyejua herufi. Maneno kama kumi ya kila aina yatatosha, na majibu yaandikwe palepale. Mwanafunzi asimcheke mtu. Aliyeshindwa hajaonyesha upungufu wa akili. Ameonyesha tu kwamba hajafundishwa alfabeti.

Jaribio hilo laeleza pia bahati tuliyo nayo sisi wasemaji wa Kiswahili. Herufi zetu hutamkwa karibu kama zilivyoandikwa, na silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu. Aliyekwisha kuzishika ba be bi bo bu na jamaa zake aweza kulitamka karibu neno lolote, hata asilolijua maana. Mtoto wa Kiingereza hana fursa hiyo. Yeye hukumbana na maneno yaliyoandikwa namna moja na kutamkwa namna nyingine. Basi kwetu ngazi ya kwanza ni fupi, na mzazi na mtoto waweza kuipanda kwa hatua zinazokaribiana. Hatari yetu iko mahali pengine. Mtoto wetu hufika upesi kwenye kutamka, akasoma kwa sauti nzuri kama nilivyosoma mimi, na mwalimu akadhani kazi imekwisha.

Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake waliupima kwa mitambo ubongo wa watu 63 kutoka Brazili na Ureno, wakiwamo wasiojua kusoma, waliojifunza ukubwani na waliojifunza utotoni. Walikuta kwamba eneo moja la upande wa kushoto, nyuma na chini ya ubongo, huanza kuitikia maandishi mtu anapojua kusoma, na kwamba mabadiliko mengi kati ya hayo huonekana pia kwa waliojifunza wakiwa watu wazima. Ubongo wa mama hukubali kufunzwa. Tofauti ni wepesi: mtu mzima huhitaji mazoezi mengi zaidi ili kusoma kuwe kwa haraka bila kukokota, na asiposoma kwa haraka husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Mazoezi hayo hayapatikani kwa saa mbili za darasa kwa wiki. Hupatikana nyumbani, pakiwa na mtu wa kusoma naye.

Lipo jambo jingine ambalo wataalamu wa elimu hulisahau kwa kuwa ni la madaktari. Nimesema kwamba bibi aliiweka karatasi mbali na uso wake. Kuanzia umri wa miaka kama 40 lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na mtu hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Uchunguzi uliofanyika vijijini katika wilaya ya Kongwa na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta hali hiyo kwa zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na wenye miwani walikuwa wachache mno. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya 50 mwaka ule wa barua. Kijiji kizima kiliamini kwamba amesahau kusoma, naye aliamini hivyo. Nilipokwisha kupata mshahara nilimnunulia miwani ya kusomea, akafungua Zaburi akasoma, polepole, lakini akasoma. Miaka mingi ilipotea kwa kukosa vipande viwili vya kioo. Anayetaka kuanzisha darasa la wazazi na walezi, na katika Upare walezi wengi ni mabibi, aanze kwa kuyapima macho yao.

Nchi nyingine zimekwisha kujaribu, na matokeo yake si ya namna moja. Huko Uturuki, kuanzia mwaka 1982, Profesa Çiğdem Kağıtçıbaşı na wenzake waliwafundisha mama wa mitaa maskini ya Istanbul, kwa kuwatembelea nyumbani na kwa mikutano ya vikundi, namna ya kuzungumza, kusoma na kucheza na watoto wao wadogo. Miaka kadhaa baadaye asilimia 86 ya watoto wa mama hao walikuwa bado wako shuleni, ikilinganishwa na asilimia 67 ya wale ambao mama zao hawakufundishwa. Hapo mlango ulikuwa mama, mtoto akafaidi kupitia kwake.

Marekani walikuwa na mpango mkubwa wa serikali ulioitwa Even Start, ulioanza mwaka 1989, wenye elimu ya mtoto, kisomo cha mzazi, malezi, na muda wa wote wawili pamoja. Kwa karatasi ulikuwa mzuri kuliko yote. Tathmini ya taifa ya mwaka 2003 ililinganisha familia zilizoingizwa na zile zilizowekwa kando kwa bahati nasibu, na haikuona tofauti ya maana. Fedha zake zilikatwa kabisa mwaka 2011. Wapo waliofurahia kusema kwamba wazo lenyewe limeshindwa. Mimi naona sababu moja ilijitokeza wazi katika tathmini hiyo: familia nyingi zilihudhuria saa chache mno kuliko zilizokusudiwa. Dawa isiyomezwa haiwezi kupimwa. Lakini hoja hii nayo isitumiwe kama kinga ya kila mpango ulioshindwa, maana kama watu hawaji, kutokuja kwao ni matokeo pia.

Karibu nasi zaidi, nchini Uganda, shirika la LABE lililoanzishwa mwaka 1989 limefanya kazi vijijini, hasa kaskazini, likiwafundisha wazazi na watoto kwa lugha zao. Wazazi huwa na kipindi chao, watoto huwa na chao shuleni, na kuna vipindi ambavyo mzazi huingia darasani na kuketi karibu na mwanawe. Siku hizo mzazi huona kwa macho yake mwalimu anafanya nini, na mtoto huona kwamba baba naye hukosea na kufuta. Nadhani hili la pili lina thamani kubwa kuliko tunavyodhani. Katika desturi zetu mzee hapendi kukosea mbele ya mtoto, na darasa lolote la pamoja ambalo halikulifikiria jambo hilo litabaki na viti vitupu kufikia wiki ya tatu. Bibi hakuona aibu kwangu kwa sababu tulikuwa wawili tu na kwa sababu ya utani wetu wa bibi na mjukuu. Huenda basi kwetu Upare jozi iliyo bora ni bibi na mjukuu kuliko baba na mwana. Hilo ni dhana yangu tu, nami ningependa kuona mtu akilipima.

Kwa nini tuhangaike leo, ilhali sensa ya mwaka 2022 imeonyesha kwamba asilimia 83 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi wanajua kusoma na kuandika? Kwa sababu waliobaki hawakutawanyika sawasawa. Wengi wao ni wanawake wa vijijini na wazee, nao ndio walezi. Tena maandishi yamewafuata hadi mkononi. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mlezi asiyejua kusoma hulazimika kumpa wakala au mtoto namba yake ya siri. Nimekaa Kileo kwenye baraza ya duka nikamwona mama akimpa simu kijana asiyemjua vizuri, akageuza uso kando kwa adabu wakati kijana akibonyeza. Kadi ya kliniki ya mtoto ina mstari wa uzito unaopanda au kushuka. Taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi inakuja na mahali pa saini ya mzazi. Watoto wengine, na hili walimu wanalijua, huisoma taarifa hiyo kwa wazazi wao kwa namna inayowafaa wao.

Uwezo, mpango uliopima ujuzi wa kusoma wa watoto nchini kwa kwenda nyumbani kwao kuanzia mwaka 2010, ulikuwa na desturi ya kumweleza mzazi matokeo palepale uani. Utaratibu huo waweza kuigwa na shule yoyote yenye darasa la awali. Haihitaji jengo. Yahitaji saa moja ya jioni kwa wiki, baada ya maji na kuni. Yahitaji karatasi zenye maandishi ambayo nyumba ile kweli inayatumia, kama kadi ya kliniki, risiti ya mahindi, ujumbe wa simu, zamu za maji ya mfereji. Na yahitaji mwalimu ambaye atamwacha mtoto atamke na kumwuliza mlezi maana, kisha ageuze, mlezi atamke na mtoto aeleze. Wanafunzi wa sekondari wakiwa likizo waweza kuwa wasaidizi wazuri, kama wale wa darasa la saba walivyokuwa katika miaka ya 1970. Na wapime. Waandike mwanzoni kila mtu anasoma maneno mangapi kwa dakika, mtoto na mlezi, na waandike tena baada ya miezi mitatu, wakilinganisha na nyumba ambazo hazikushiriki. Wahesabu pia waliohudhuria, kila wiki, bila kuona haya namba ikishuka.

Daftari la bibi ninalo. Ni la madeni ya mahindi, lilianza mwaka 1988. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wangu, mkubwa na wa kuelekea juu, na majina ya watu nimeyakosea. Kuanzia ukurasa wa tisa kuna mistari miwili miwili: mmoja wangu, na chini yake mmoja wake, anarudia jina lile lile na debe zile zile. Katika ukurasa wa ishirini na moja mistari yangu haimo tena. Jina moja amelikata, akaandika pembeni kwamba amelipa, nusu.